Pantufu za sufu karibu na ikweta

Juma lililopita hamkupata habari toka kwetu kwa sababu tulikuwa safarini. Tulitoka Butembo siku ya posho asubuhi, tukaenda Lubero, tukarudi siku ya yenga jioni. Tulikuwa watu wanne: mama prezidenti wa kikundi, mama mtunza kasa, mama mmoja anayejua sana kufuma, na mwalimu anayewaandikia mistari hii. Hatukwenda kutembea tu. Tulikwenda kuomba radhi.

Wengi wenu mnakumbuka kwamba tulitoa pesa katika kasa ili tununue pantufu kwa wamama wazee tunaowatunza kule vilimani. Tulinunua pea 11 hapa sokoni Butembo. Zilikuwa laini, zenye manyoya mekundu, na muuzaji alituapia kuwa ni lene tupu. Kila mmoja wetu aliingiza mkono ndani akasema: "Loo, joto gani hili!" Tukalipa, tukashukuru, tukazituma. Hazijapita siku 12, habari ikatufikia kwamba mama mmoja mzee ameanguka usiku, amevunjika mkono, na alikuwa amevaa pantufu zetu.

Ndiyo sababu ya safari.

Njia ya kwenda Lubero mnaijua. Si mbali kwa hesabu ya kilometa, lakini mvua ikinyesha udongo mwekundu unakuwa kama sabuni, na gari linatembea ubavu kama kaa. Tulipita Musienene, tukaanza kupanda na kushuka kati ya mikalitusi na mashamba ya maharagi. Kila gari lilipopunguza mwendo, watoto walikuja mbio na ndizi mbivu na kabichi kubwa. Mahali fulani katika njia hiyo mtu anavuka ikweta, maana Butembo iko kaskazini kidogo ya mstari huo na Lubero iko kusini kidogo. Mstari wenyewe hauonekani. Tulipouliza ndani ya gari ni nani anajua kwamba sasa tunavuka katikati ya dunia, kijana mmoja alijibu akiwa amejifunika koti hadi masikioni: "Mwalimu, kama hapa ni katikati ya dunia, mbona baridi hivi?"

Swali lake ni zuri, na tunawafundisha watoto jibu lake darasani. Joto la mahali halitegemei ikweta peke yake, linategemea urefu pia. Kila ukipanda mita 1000, joto linapungua karibu digrii 6. Butembo iko juu zaidi ya mita 1700, na vilima vingi vya Lubero vinapita mita 2000. Kwa hiyo huko kunalimwa viazi vya kizungu na ngano, mimea isiyopenda joto la bonde. Na kwa hiyo mzee anayeamka saa kumi ya usiku na kuweka mguu mtupu juu ya simenti anasikia baridi hadi kwenye goti. Kutafuta pantufu za sufu karibu na ikweta si anasa. Katika vilima vyetu ni jambo la afya.

Tulifika kwa mama mzee mnamo saa sita. Tulimkuta ameketi mlangoni, mkono wa kushoto umefungwa plasta, na mkwe wake anamenya viazi kando yake. Hatukujua tuanze namna gani. Mama prezidenti alipiga goti akasema: "Mama, tumekuja kuomba radhi. Pantufu tulizokuletea ndizo zilikuangusha."

Mama mzee alicheka kidogo. Akasema: "Wanangu, msilie. Miguu yangu ililala vizuri siku hizo zote. Ila mlinipa viatu vya kitandani, na mimi ninaishi parseleni."

Wamama, neno hilo lilituingia. Tulisimama tukatazama parsele yake kwa macho mapya. Nyumba ina vyumba viwili vya simenti. Jiko liko nje, hatua kumi hivi toka mlangoni. Maji yako katika pipa chini ya ukingo wa paa. Choo kiko mwisho wa parsele, nyuma ya migomba, na njia ya kwenda huko inateremka. Kwa siku moja mama huyu anatoka na kuingia labda mara thelathini. Je, kila mara atavua pantufu na kuvaa kandambili, akiinama na mgongo wake wa miaka hiyo yote? Hawezi. Usiku ule mvua ilikuwa imenyesha, alitoka na pantufu, nyayo zake zikalowa, na aliporudi kukanyaga kizingiti, mguu ukateleza.

Tuliomba tuzione pantufu zenyewe. Tulizigeuza juu chini, jambo ambalo hatukulifanya sokoni. Unyayo ulikuwa wa sponji nyembamba, laini kama shavu la mtoto, bila mistari wala meno. Hauwezi kushika kitu chochote chenye maji. Tulikuwa tumechagua kwa mkono unaopapasa ndani, na hatukufikiri juu ya mguu unaotembea nje.

Kisha mama anayefuma alitoa uzi mmoja katika manyoya yale, akauwasha kwa kibiriti mbele yetu sote. Uzi haukuungua kama nywele. Uliyeyuka, ukajikunja, ukaacha punje nyeusi ngumu kama shanga, na harufu yake ilikuwa ya plastiki. Akatuambia: "Hii si sufu. Sufu ya kweli inatoka kwa kondoo, na ikiungua inanuka nywele, inazima upesi, na majivu yake yanasagika kati ya vidole." Pale tukaelewa kwamba sisi kila uzi mnene tunauita lene, hata kama haujawahi kumwona kondoo. Nyuzi nyingi za sokoni ni za akriliki, zinazotengenezwa kwa mafuta ya petroli. Si mbaya kwa kila kazi, zinafumika vizuri na bei yake ni ya chini. Lakini muuzaji asituambie ni sufu.

Tofauti yake iko wapi? Unyoya wa sufu umejikunjakunja, na katika mikunjo hiyo unashika hewa, na hewa hiyo ndiyo inayolinda joto la mguu. Tena sufu inaweza kunywa unyevu hadi karibu asilimia 30 ya uzito wake, na mvaaji asisikie kwamba imelowa. Akriliki hainywi jasho namna hiyo. Mguu unatoka jasho, jasho linabaki, na baada ya saa moja mguu uleule uliokuwa na joto unakuwa na baridi na kuanza kunuka. Mama mzee mwenyewe alikuwa amelisikia jambo hilo: "Asubuhi miguu ilikuwa kama imetoka mtoni."

Sasa mtauliza, kama tulivyouliza sisi: kondoo si wako hapa kwetu? Wako, tuliwaona njiani wakila majani. Lakini kondoo wa kwetu kwa kawaida ana singa fupi kama mbuzi, hana sufu ya kusokota uzi. Kondoo wa sufu wanafugwa mahali pengine, kwa mfano katika nyanda za juu za Kenya. Tena kuna jambo lililotufurahisha kulijua. Huko Kenya kuna mji wa Nanyuki, ulio karibu kabisa na ikweta na wenye baridi ya mlimani kama hapa. Wamama wa mji huo wana kikundi chao tangu mwaka 1977: wanasokota sufu kwa mikono, wanaipaka rangi kwa mimea, wanafuma mazulia na vitambaa, na kazi hiyo inalipia watoto shule. Ni mstari uleule wa ikweta na baridi ileile, na ni wamama kama sisi.

Toka hapo tulikwenda kwa mama wa pili, kilima cha mbele. Huyu ana ugonjwa wa sukari, na miguu yake haisikii tena vizuri. Mnajua hatari yake: mtu mwenye sukari anaweza kukanyaga msumari asisikie, kidonda kikaanza kimya kimya, kikachukua miezi kupona au kufikisha mguu mahali pa kukatwa. Mkwe wake alitutolea pantufu zake tukashtuka. Mama alikuwa amezoea kuziweka karibu na mbabula ili zipate joto. Cheche moja ilirukia ndani, manyoya yakayeyuka, yakaacha punje ngumu mahali pa kidole kikubwa. Kwa bahati njema mkwe huyo ana desturi ya kuingiza mkono katika kila kiatu kabla ya kumvisha mama. Alisikia kitu kinachoma, akaziondoa. Tulimshukuru sana, maana mkono wake ulizuia jambo ambalo zawadi yetu ingelileta.

Mama prezidenti alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema kwamba pea 11 zote zitarudishwa, hata kama kasa italia.

Jioni hiyo tulilala Lubero kwa ndugu mmoja, na asubuhi, baada ya ibada, tulimtafuta fundi wa viatu anayeketi kando ya barabara. Tulimwonyesha pantufu tukamuuliza kama anaweza kuzitia unyayo mwingine. Alizigeuza, akazikunja kwa mikono miwili, akatikisa kichwa. Alitueleza kwamba unyayo unaojikunja katikati kama chapati haumsaidii mzee, kwa maana mguu unapinda na kisigino kinatoka. Unyayo mzuri unakunjika mahali vidole vinapokunjika, si katikati. Akatuonyesha vipande vitatu vya mpira. Cha kwanza kilikuwa cha pine ya gari: kina nguvu sana, lakini kizito, na mama mzee atakivuta kama jembe. Cha pili kilikuwa cha mpira wa ndani wa gurudumu: chepesi, lakini laini, na kikilowa kinateleza kama ile sponji yetu. Cha tatu kilitoka katika pine kuukuu ya pikipiki, amekichonga kiwe chembamba, na meno yake bado yako. Hicho ndicho alichokichagua. Anakishona kwa uzi wa nailoni kuzunguka ukingo wote, hategemei kola peke yake, kwa sababu kola inaachia kwenye matope.

Na sufu ya kweli tutaipata wapi? Jibu lilitoka kwa mama anayefuma, na liko katika mabalo ya nguo za mitumba. Kati ya masweta yanayotoka Ulaya kuna mengine ya sufu safi, na watu wanayaacha kwa sababu yametoboka au yamepungua. Tafuteni etiketi ndani ya ubavu au shingoni. Ikiandikwa kwa Kifaransa laine, au kwa Kiingereza wool, na asilimia 100, hiyo ndiyo. Ikiandikwa acrylique au polyester, iacheni. Sweta hilo lifueni katika maji ya moto na sabuni, mkilisugua kwa nguvu. Nyoya zinashikana, kitambaa kinapungua na kuwa kinene kama blanketi ngumu, na hapo unaweza kukikata kwa makasi bila nyuzi kufumuka. Jambo linaloharibu sweta la mtu ndilo linalotengeneza pantufu. Sweta moja la mwanaume linaweza kutoa pea moja nene au mbili.

Basi, wamama, kwa yale tuliyojifunza katika siku mbili hizo, tunawapa shauri hili, mkichagua pantufu kwa mzee, kwa mtoto au kwa mguu wenu wenyewe.

Kwanza, ulizeni pantufu hizo zitatembea wapi. Kama ni chumbani tu, unyayo wa kitambaa kinene unaweza kutosha. Kama jiko na choo viko nje, kama ilivyo kwa wengi wetu, unyayo uwe wa mpira wenye meno, na ukingo wake upande kidogo ubavuni ili maji yasiingie.

Pili, geuzeni juu chini kabla ya kulipa. Loweni kidole, mpapase unyayo. Kama kidole kinateleza, mguu pia utateleza.

Tatu, kisigino kifungwe. Pantufu iliyo wazi nyuma ni rahisi kuvaa, lakini mzee anaikokota, na anayekokota mguu anajikwaa.

Nne, pimeni mguu jioni, kwa maana mchana kutwa miguu inavimba. Mtu asimame juu ya karatasi, mchore mguu kwa kalamu, miguu yote miwili, halafu mwongeze upana wa kidole kimoja mbele. Msimletee mama kiatu kwa kukisia.

Tano, kwa mwenye sukari, tazameni ndani. Pasiwe na mshono mnene mahali pa vidole, wala lastiki inayobana na kuacha alama. Kila asubuhi ingizeni mkono ndani, na kila jioni tazameni nyayo za mama, hata katikati ya vidole. Mkiona kidonda, hata kidogo, mpelekeni kituo cha afya, msingoje kikauke chenyewe. Na asiote miguu kwenye moto, kwa sababu hatasikia inapoungua.

Sita, msizikaushe juu ya mbabula. Pantufu za sufu zifuliwe kwa maji ya baridi na sabuni kidogo, zikamuliwe bila kusokotwa, zikaushwe kivulini penye upepo. Kila mtu mzima awe na pea mbili, kama inawezekana, ili moja ikilowa nyingine ivaliwe. Tena zipigwe vumbi mara kwa mara, maana vumbi la sakafu ya udongo linaficha funza, na funza hachagui mguu wa mzee wala wa mtoto.

Tulirudi Butembo usiku umeshaingia, tope hadi magotini. Ndani ya gari mama mtunza kasa alipiga hesabu katika daftari lake. Pesa za kununua pantufu mpya 11 hatuna. Lakini pesa za masweta, mpira wa pine za pikipiki na uzi wa nailoni tunazo, kama kazi ya mikono tutaifanya wenyewe. Kikundi kimekubali. Kila siku ya tatu, saa tisa, tutakutana nyumbani kwa mama anayefuma. Mwenye sweta kuukuu la sufu alilete, mwenye makasi mazuri ayalete. Pea ya kwanza itakuwa ya mama mwenye sukari, ya pili ya mama aliyevunjika mkono. Michoro ya miguu yao tunayo tayari, tuliichora pale pale kwenye karatasi za daftari la shule.

Na wale wamama waliofukuzwa na vita toka kusini mwa Lubero, ambao sasa wanaishi katika familia za hapa na pale, tusiwasahau. Wengi walikuja na kandambili tu, na wengine bila hizo. Kama yuko mmoja katika parsele yenu, tuleteeni mchoro wa mguu wake.

Tulipoagana, mama mzee wa plasta alituita tena toka mlangoni. Tulifikiri amesahau kutupa salamu. Akasema: "Hizo nyekundu msizitupe. Zitieni ule mpira wenye meno, rangi yake nilikuwa ninaipenda." Tumezibeba. Fundi amesema kwamba pantufu zenyewe hazistahili mpira wake, lakini tutatafuta sweta jekundu.

Usiku wa leo, kabla ya kulala, kila mmoja wetu amshike mama yake mguu, au mama mkwe, au jirani mzee aliye peke yake. Tusikie kama una baridi, tutazame kama una kidonda, tugeuze kiatu chake juu chini. Tuonane siku ya tatu.